Chema Chajiuza, Lakini Sharti Kifike Sokoni

Wenzangu wasomaji, mwaka huu sisi wa kidato cha sita tutamaliza masomo yetu ya sekondari na kutawanyika. Wengine wataingia chuo kikuu, wengine vyuo vya ufundi, vya ualimu na vya uuguzi, na wengine watatafuta kazi mara moja. Hata wale watakaopata nafasi ya chuo wana kipindi kirefu cha kungoja, maana hapa Uganda mtihani wetu huisha kabla ya Krismasi, na vyuo vikuu kwa kawaida hupokea wanafunzi wapya mwezi wa Agosti. Katika miezi hiyo wazazi wengi hutazamia kwamba kijana atapata kazi ya kusaidia karo. Mimi ni mmoja wa vijana hao. Baba yangu hutengeneza baiskeli karibu na mpaka wa Busia, na mama yangu huuza samaki wakavu. Wote wawili wameniambia waziwazi kwamba sehemu ya karo ya chuo sharti niitafute mwenyewe. Kwa hiyo habari ninayotaka kuieleza si ya mchezo kwangu, na nadhani si ya mchezo kwenu pia.

Habari yenyewe ni hii: jinsi watu wanavyopata kazi kwa kujuana, na jinsi mwanafunzi awezavyo kujijulisha kwa mtu asiyemjua bila kujidhalilisha wala kujivuna.

Wengi wetu tumelelewa kuliona jambo hili kuwa la aibu. Twaambiwa: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli, lakini mara nyingi twaifahamu nusu. Samaki wa mama yangu hununuliwa upesi kwa sababu ni wazuri, hana haja ya kupiga kelele. Lakini huwachukua kichwani alfajiri, huwapeleka sokoni, huwapanga mahali watu wapitapo. Akiwaacha nyumbani juu ya dari hapana atakayewanunua, hata wakiwa wazuri namna gani. Kujitembeza ni kukisifu kitu kibaya ili mnunuzi adanganyike. Kukipeleka kitu chema sokoni si kujitembeza. Vivyo hivyo kijana mwenye cheti kizuri kilichofungiwa sandukuni hana kosa, ila hayuko sokoni.

Tuanze na upande wa mwenye kazi. Sisi twadhani kwamba anayetaka mtu wa kazi hutangaza gazetini, hupokea barua, kisha humchagua mwenye alama nyingi. Serikali na makampuni makubwa hufanya hivyo, na ndivyo iwapasavyo. Lakini mwenye duka la vifaa, au karakana, au ofisi ndogo yenye watu watano, huogopa kutangaza. Tangazo moja laweza kumletea mamia ya barua asizokuwa na wakati wa kuzisoma, na barua zote zasema maneno yale yale: mimi ni mwaminifu, mimi ni mchapa kazi. Cheti chaonyesha kwamba mtu ajua hesabu. Hakionyeshi kama atafika kazini saa mbili kamili, wala kama fedha za sanduku zitakuwa kamili jioni. Mambo hayo huyajua mtu aliyewahi kuishi au kufanya kazi naye. Basi mwenye duka huwauliza wale walio karibu naye: "Je, mwamjua kijana mwaminifu awezaye kuandika daftari?" Swali hilo huulizwa mara moja, mbele ya watu wawili watatu, na nafasi hujazwa kabla haijaandikwa po pote. Asiyejulikana na mtu hata mmoja mahali pale hatasikia kamwe kwamba palikuwa na nafasi.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Bwana Mark Granovetter, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, aliwachunguza wanaume 282 wa Newton, mji ulio karibu na Boston. Wote walikuwa watu wa kazi za utaalamu, ufundi au usimamizi, na walikuwa wamebadili kazi karibuni. Makala yake mashuhuri ilitoka mwaka 1973, na kitabu chake mwaka 1974. Aliona kwamba zaidi ya nusu yao, kama 56 katika kila 100, walipata kazi kwa kupitia mtu waliyemjua. Hilo halikumshangaza mtu sana. Lililoshangaza ni jibu la swali jingine: huyo aliyekupa habari ya kazi, mlikuwa mkionana mara ngapi? Katika watu 54 waliojibu, 9 tu walisema walionana naye angalau mara mbili kwa juma. Watu 30 walisema walionana naye mara moja moja tu, zaidi ya mara moja kwa mwaka lakini chini ya mara mbili kwa juma. Na 15 walisema ni mtu waliyeonana naye mara moja kwa mwaka au hata chini ya hapo.

Yaani kazi nyingi hazikuletwa na rafiki wa moyoni wala ndugu wa tumbo moja. Zililetwa na watu wa kujuana kidogo. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Mimi na baba yangu na mjomba wangu twakaa pamoja, twasikia habari zile zile, na wanaotujua ni wale wale. Akijua mjomba kwamba pana kazi, mimi nami nimekwisha jua. Lakini dereva wa lori apitaye kwetu mara tatu kwa mwaka, au mwalimu wa mazoezi aliyetufundisha muhula mmoja kisha akaenda zake Mbale, yeye huishi katikati ya watu wengine na husikia habari zisizofika kwetu. Mtu kama huyo ni daraja. Ukibomoa daraja kwa kutosalimu wala kuandika, mnabaki kila mtu ng'ambo yake.

Hata hivyo jambo hili lina mipaka, wala si haki kulieleza kana kwamba ni sawasawa kila mahali. Bwana Yanjie Bian alifanya uchunguzi mwaka 1988 katika mji wa Tianjin, China, wakati serikali ndiyo iliyokuwa ikigawa kazi. Kule mambo yalikuwa kinyume: watu walisaidiwa na ndugu na marafiki wa karibu, kwa kuwa mwenye cheo hakuthubutu kumfanyia hisani mtu asiyemwamini kabisa. Tena mwaka 2022 ilitolewa habari ya uchunguzi mkubwa zaidi, uliofanywa kwa muda wa miaka 5 juu ya watu zaidi ya milioni 20 wanaotumia mtandao wa LinkedIn. Wachunguzi waliona kwamba waliofaa zaidi si marafiki wa karibu sana, wala si wale wasiojuana karibu kabisa, bali watu wa katikati. Pia waliona kwamba katika kazi zinazotegemea sana kompyuta watu wa mbali kidogo ndio waliofaa, na katika kazi zisizozitegemea sana watu wa karibu ndio waliofaa. Kwa hiyo atakaye kazi ya ufundi wa magari asimdharau mjomba wake mwenye karakana, na atakaye kazi ya kompyuta asitegemee mjomba peke yake.

Hapa najua mwenzangu mmoja ataniuliza: "Je, huu si ule upendeleo wa ndugu tunaoulaumu kila siku katika midahalo yetu?" Swali lake ni la haki, nami nataka kulijibu kwa mfano wa nyumbani. Dada yangu alipata stashahada ya uhasibu, na baba aliuza ng'ombe wawili ili aimalize. Alipeleka barua nyingi. Ofisi moja ilimwambia arudi, akarudi mara tatu, kisha akasikia kwamba nafasi ilikuwa imekwisha pewa mpwa wa mkubwa wa pale. Huo ndio upendeleo, na ni wizi kama wizi mwingine, maana mwenye haki hunyang'anywa asijue ni nani wa kumshtaki. Baadaye mama mmoja mtunza ghala, ambaye dada alifanya naye mazoezi ya kazi kwa majuma machache tu, alimwambia kwamba kampuni moja ya kutoa mizigo forodhani inatafuta mtu wa daftari. Dada akaenda. Alikuta wengine watatu, wote wanne wakapewa mtihani wa hesabu, naye akashinda. Yule mama alimpa habari na kumtaja kwa wema. Kazi aliipata mwenyewe.

Basi tofauti naiona katika mambo matatu. Kwanza, katika kujuana kwema unaomba habari au shauri au kutajwa jina, huombi mlango ufungwe kwa wengine. Pili, hapana fedha wala zawadi ipitayo chini ya meza. Tatu, mambo yote yaliyosemwa yangeweza kusemwa kwa sauti mbele ya hao wengine wanaoitaka kazi ile, bila mtu kuinamisha uso. Neno lisiloweza kusemwa hivyo tuliache. Wala tusisahau kwamba mtoto wa tajiri hana haja ya kufundishwa haya, kwa kuwa baba yake amekwisha juana na wakubwa. Sisi tusio na mkubwa nyumbani ndio tunaopaswa kujifunza kujenga madaraja.

Sasa nieleze jinsi ya kujijulisha. Hili si jambo la kigeni kwetu. Waganda wana desturi ya kulanya, yaani mtu kujitaja mbele ya watu. Husema jina lake, jina la baba yake na la babu yake, kisha hupanda mlango kwa mlango mpaka ukoo wake na mnyama au mmea ulio mwiko wa ukoo huo, kama vile kima, simba au ndovu. Akimaliza, msikilizaji ajua amweke wapi: ni ndugu, ni shemeji, au ni wa ukoo mwingine. Bwana wa ofisini haulizi ukoo wako, lakini moyoni auliza neno lile lile: kijana huyu nimweke wapi? Asipopata jibu atakuwa na adabu, atakusikiliza, na ukitoka atakusahau.

Kwa hiyo kujijulisha kwema kuna sehemu nne. Ya kwanza ni jina lako na mahali utokapo. Ya pili ni sababu iliyokuleta kwake yeye wala si kwa mwingine. Ya tatu ni jambo moja uwezalo, pamoja na ushahidi wake. Ya nne ni ombi dogo, ambalo mtu mwenye shughuli aweza kulikubali bila taabu. Nautoa mfano wa mwanafunzi anayekwenda kumwona msimamizi wa ghala:

"Habari za asubuhi, Bwana. Jina langu ni Fulani, namaliza kidato cha sita katika shule ya misheni iliyo kilimani. Mwalimu wetu wa hesabu ndiye aliyenielekeza kwako, akasema kwamba wewe umefanya kazi ya ghala miaka mingi. Kwa miaka miwili nimetunza daftari la duka la shule, na kila mwisho wa muhula bidhaa na fedha zilikubaliana. Sikuja kuomba kazi leo. Naomba dakika kumi, siku yo yote itakayokufaa, unieleze mtu anayeanza kazi hii apaswa kujua nini."

Maneno hayo hayazidi dakika moja. Tazameni kwamba hayana sifa hata moja. Kijana hakusema "mimi ni mwaminifu", bali alisema bidhaa na fedha zilikubaliana, akamwachia Bwana aamue mwenyewe. Tazameni pia kwamba hakusema "nitafanya kazi yo yote". Neno hilo twalidhani ni la unyenyekevu, lakini humpa msikilizaji mzigo, maana hajui akuweke wapi, na aliyetajwa kwa kila kazi hakumbukwi kwa kazi hata moja. Tena ombi la shauri humheshimu mzee kuliko ombi la kazi. Mwenye kuombwa kazi asiyokuwa nayo hana jibu ila "hapana", na mtu akisema hapana huona vibaya kukutana nawe tena. Aombwaye shauri aweza kukupa siku ile ile, na mara nyingi huongeza: "Nenda ukamwone fulani." Hapo umevuka daraja la pili.

Kila mahali pana adabu yake. Pwani, Mombasa au Dar es Salaam, kijana asiyemwamkia mzee "shikamoo" amekwisha jiharibia kabla hajataja jina. Buganda msichana hupiga magoti akiwasalimu wakubwa katika mambo ya nyumbani, na salamu ni ndefu. Ofisini wengi hufupisha, lakini hawaiachi. Nairobi ofisini wengi hupenda uingie katika shauri lako mapema. Ni vizuri kumwuliza mwenyeji kabla ya kwenda. Kuuliza si ujinga.

Tena sisi wa shule hii tunaosoma Kiswahili tuna chombo ambacho wenzetu wengi hawana. Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika ya Mashariki lilianza tarehe 1 Julai 2010, na mapatano yake yataja haki ya wafanyakazi kuvuka mipaka, ingawa vibali na sheria za kila nchi bado hufuatwa. Jumuiya hiyo sasa ina nchi 8, tangu Kongo ilipoingia mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi nchini. Kwetu Busia naona mambo haya kwa macho. Dereva atokaye Mombasa, karani wa forodha na mchuuzi wa Kongo hawana lugha ya mama moja, lakini kwa Kiswahili hupatana bei na kuulizana habari za nyumbani. Kijana asemaye vizuri na wote watatu ana madaraja matatu.

Yafaa kuanza lini? Yafaa kuanza sasa, kabla ya shida. Chukueni daftari dogo, mwandike majina 30 ya watu mnaojuana nao kidogo: wanafunzi wa zamani wa shule hii, walimu wa mazoezi, muuguzi wa zahanati, mwenye duka la vitabu, vijana wa shule nyingine mliocheza nao mpira au kushindana nao katika mdahalo. Karibu na kila jina andikeni kazi yake na siku mliyoonana mwisho. Kisha waandikieni wawili watatu kila mwezi wa likizo, si kwa kuomba, bali kwa kuwajulia hali na kuwapa habari. Mkiandika kwa simu, tajeni jina na mahali mlipojuana, maana namba peke yake haina uso. Akikusaidia mtu, rudi umweleze yaliyotokea, hata kama kazi hukuipata. Wengi huja kuomba, wachache hurudi kushukuru, na hao wachache hawasahauliki. Nawe ukisikia habari isiyokufaa wewe, mpelekee inayemfaa. Undugu ni kufaana, si kufanana.

Lazima pia niwaonye. Penye watu watafutao kazi hapakosi wezi. Mwenye kazi ya kweli hakutozi fedha ili akuajiri. Anayedai "ada ya fomu" au "ada ya nafasi" kwa haraka, mwacheni aende zake. Juu ya kazi za nchi za Ghuba, sheria yataka kampuni ipelekayo watu nje iwe na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, basi ulizeni wizarani kabla ya kumpa mtu hati yenu ya kusafiria. Na kwa dada zetu nasema: mkutano wa kazi ni wa mchana na wa ofisini, tena ni vizuri uende na mwenzako angojaye nje. Anayesema sharti mwonane usiku au mahali pa faragha hana kazi ya kutoa.

Mwisho nina ombi moja kwa wakuu wa shule na kwa wenzetu wa kidato cha tano. Kiwekwe kitabu kimoja kikubwa katika maktaba. Kila anayemaliza shule aandike jina lake, chuo au kazi aendako, na jambo moja ambalo yu tayari kuulizwa na wale wanaomfuata. Mtoto wa mvuvi atakayefika hapa miaka kumi ijayo akikifungua, atakuta watu wa kuwaandikia. Mimi niko tayari kuandika ukurasa wa kwanza.